Kwa Anyisile, Kuhusu Lile Ua

Bahasha yako ilifika na basi la saa nane,
utingo kaishika kwa ncha za vidole
kama mtu aliyebebeshwa yai la mwenzake.
Ndani, kadi ya kliniki ya Lugano,
na kati ya chanjo ya surua na uzito wa mwezi wa tisa
ua, au kilichokuwa ua:
kahawia, bapa, jepesi hata nikaogopa kupumua.
"Mjukuu kaniuliza jina lake. Nikakohoa.
Nitafutie. Huku Chunya nimuulize nani?
Watu wanajua majina ya mawe tu."

Asubuhi nikapanda msitu wa Rungwe na Lwitiko,
mlinzi, aliyevaa buti za mpira na mashaka.
Nilikuwa na rula ya shule, lenzi ya kuazima
na kitabu chenye maswali badala ya picha.

Majani yamekaa mawili mawili, au yanapokezana?
Yanapokezana. Nenda namba saba.
Kingo za jani zina meno?
Zinayo, madogo, ya mtoto wa miezi minane.
Nenda kumi na mbili.
Ua lina rangi gani?

Hapo, dada, ndipo kitabu kiliponitupa.
Miaka ishirini na saba ndani ya kadi
imeinywa rangi yote mpaka tone la mwisho.

Lwitiko akasema haya yote ni magugu.
Kisha akasema, lile la bluu ng'ombe hawali.
Kisha, mlima ulipokwisha kumnyamazisha,
akasema bibi yake alikuwa na jina la ua kama hili,
jina fupi.
Akalitafuta mdomoni kama mwiba wa samaki,
akalikosa, akatema mate, tukaendelea.

Tulipiga magoti mara kumi na moja.
Lenye harufu ya tango, hapana.
Lililofanana nalo kabisa lilikuwa na manyoya shingoni;
lako shingo tupu.

Halafu pale kijito kinapokatiza mianzi,
juu ya gogo lililooza,
ukubwa wa ukucha wa kidole gumba:
waridi iliyochovywa kwenye maziwa,
na nyuma mkia mwembamba
uliopinda kama kulabu ya kufumia sweta.

Nikaweka kadi kando yake. Mkia kwa mkia. Meno kwa meno.
Bado ningeweza kukosea.
Ila nilipogusa kitumba chake kibichi, kilichovimba,
kikapasuka, pa! kikajikunja kama kiwavi,
mbegu zikanipiga shavuni,
na Lwitiko, anayekamata wezi wa mbao wenye mapanga,
akaruka nyuma akakanyaga maji.

Ndipo nikakumbuka vitone.
Kwenye kadi, pembeni ya mstari wa uzito,
vitone saba vyeusi nilivyodhani ni vya mende.
Nikavitazama kwa lenzi.
Anyisile, lilipasukia humo ndani.
Uliifunga kadi, ukaizika chini ya kanga,
ukaondoka na mume na sufuria mbili,
na huko gizani, asisikie mtu,
likarusha wanawe juu ya kilo za mwanao.

Jina, basi. Kwa Kilatini ni maneno mawili,
la pili nimeliwekea alama ya kuuliza kwa penseli,
maana lina ndugu wanaofanana nalo,
na bwana wa kuwatenganisha yuko Iringa, hapokei simu.
Rangi ni waridi. Najua utasema zambarau.
Tulibishana hivi hivi kuhusu gauni lako la kipaimara.

Mwambie mjukuu bado lipo,
juu kidogo ya pale ulipokuwa unaosha miguu
ukitoka kutafuta kuni.
Sikulichuma. Nimelipima tu:
sentimita mbili na nusu, pamoja na mkia.

Kadi inarudi kesho na utingo yule yule.
Vitone utavikuta sita.
Usiniulize.